Jiwe la Kilometa Kumi na Nne

Malaba,
Jumanne, 11 Machi 2025

Papa,

Barua hii anakuletea Ochom wa pikipiki. Usimpe chai kabla hujaisoma, maana huyo akishaketi kwako hatoki.

Watu hapa kambini wananicheka. Wanasema mzee ana simu mfukoni, na bintiye bado anamwandikia barua kama enzi za stempu. Nawaambia masikio yako yaliliwa na mashine za kushindilia barabara kwa miaka ishirini na sita, na kwamba wewe unasema ujumbe mfupi ni wa watu wasio na la kusema.

Jana nilikupita. Lile pikapu la rangi ya machungwa lililokuwa likiburuta sanduku jeusi lilikuwa letu, na aliyekupungia mkono kutoka dirisha la nyuma ni mimi. Sikuweza kusimama, kwa sababu gari likisimama rekodi inakatika. Nilifurahi kukuona umevaa lile koti la Idara ya Barabara, ingawa jua lilikuwa kali.

Sanduku lile ndilo rada. Linatuma mawimbi chini ya lami, nayo yanarudi yakiwa na habari: hapa lami, hapa kokoto, hapa udongo wa murram, hapa maji. Palipo na uwazi, kwenye skrini panatokea upinde, kama nyusi iliyoinuliwa. Kwa kawaida setilaiti hutuambia tuko wapi, lakini antena yake iligongwa na trela siku ya kwanza. Sasa tuna gurudumu dogo linalohesabu mita kuanzia Malaba mjini, na yale mawe ya kilometa yaliyosalia.

Kuna transfoma inakwenda Uganda. Ikiwa juu ya trela lake ni tani mia mbili na kumi, magurudumu mia moja ishirini na manane. Foleni ya Malaba unaijua, kwa hiyo itashuka barabara yetu na kuvukia Busia. Kazi yetu ni kusema kama barabara itaibeba.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia sokoni: dereva ni mkweo Hesbon. Najua ulimwomba aache mizigo mikubwa tangu mjukuu wako Everline azaliwe. Alijaribu, Papa. Lakini waliobeba mizigo ya namna hii hapa nchini wanahesabika, na alipoitwa hakuweza kukataa.

Rada imeona nyusi moja kubwa. Iko kilometa kumi na nne na mita sitini kutoka Malaba, karibu na kwetu. Wiki hii watachimba na kujaza. Usiogope ukiwaona.

Binti yako,
Amuge


Chakol,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwa binti yangu Vivianne Amuge,

Salamu zako nimezipokea, na Ochom alikunywa chai kabla, maana hana subira na mimi sina ugomvi.

Nilikuona. Niliwaambia wote waliopita kwamba yule aliye ndani ya pikapu anayetazama tumbo la barabara ni wangu. Mama yako angekuwepo angepiga vigelegele mpaka Busia wasikie. Alupo alibeba karai la murram kwenye barabara hiyo hiyo na wewe ukiwa tumboni, na leo unaipima ukiwa umeketi.

Habari ya Hesbon imenikosesha hamu ya chakula. Simlaumu. Mwanamume wa Samia ukimwambia mto umejaa ndipo anapotafuta mtumbwi. Lakini mwambie mzigo huo asiukimbize.

Kuhusu hiyo nyusi yenu, nimefurahi kwamba mtaijaza. Barabara ina umri mkubwa kuliko wewe na ina mengi ndani yake. Kilometa kumi na nne na mita sitini, umesema. Basi wakichimba hapo vizuri hakuna tatizo.

Jiwe langu lipo. Nililipaka chokaa Krismasi kama kila mwaka. Mawe mengine watu wameyang'oa wakajengea mafiga, lakini la kumi na nne hakuna aliyethubutu kuligusa mimi nikiwa hai. Jirani yetu Aluka alikuja jana, tukanywa pombe ya ajon. Mrija wake wa kunywea bado unaning'inia ukutani kwangu, mwaka wa thelathini huu. Hakusema kitu kuhusu pikapu lenu.

Mimi baba yako,
Methuselah Elungat


Malaba,
Jumatano, 19 Machi 2025

Papa,

Ningekuja mwenyewe, lakini Injinia Levis ametufungia ndani na ripoti kama watahiniwa. Hata Jumapili tulifanya kazi.

Wamechimba. Najua unajua, kwa sababu vijana waliniambia mzee mmoja aliwaletea uji na kusimama pale kutoka asubuhi hadi walipofukia. Waliliendea jiwe la kumi na nne mbele ya lango lako, wakapima mita sitini kuelekea Busia, wakakata lami. Chini walikuta kokoto nzuri, murram kavu, udongo mgumu. Waliteremka mita mbili. Hakuna tundu, hakuna hata unyevu. Wamefukia na kuweka lami mpya juu ya barabara iliyokuwa nzima.

Sasa nimekuwa kichekesho. Wanasema rada yangu imeona jini. Mwenye mzigo analalamika kwamba siku zinakwenda, na mashine yenyewe imeshapelekwa kazi nyingine, siwezi kupita tena. Injinia anasema huenda tairi la lile gurudumu limelika, likazidisha mita, au ulikuwa mwangwi wa chuma fulani kando ya barabara. Ananitaka niandike kwamba ni hitilafu ya mashine na nitie sahihi.

Nimeitazama ile picha mpaka macho yanauma. Naona uwazi, Papa. Naona na maji chini yake. Lakini jiwe linasema hapo hapana kitu, na jiwe lile najua ni nani alilisimamisha. Kati ya gurudumu na jiwe lako, nimezoea kuliamini jiwe lako.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeijua barabara ile ikiwa murram tupu. Je, kuliwahi kuwa na kalvati la kupitisha maji mbele ya jiwe la kumi na nne? Bomba la zamani lililofukiwa lami ilipokuja? Jibu lako nitalitumia, kwa hiyo fikiri vizuri. Hesbon atapita juu ya jibu hilo.

Tena jambo dogo. Mtu akikuuliza kama nyasi zilikuwa ndefu kuzunguka jiwe siku ile tulipopita, sema zilikuwa ndefu. Nitakueleza siku nyingine.

Amuge


Chakol,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu.

Umeniuliza kama mbele ya jiwe la kumi na nne kuliwahi kuwa na kalvati. Nakujibu: kutoka lango langu kuelekea Busia, mpaka ule mteremko wa kanisa, hakujawahi kuwa na kalvati wala bomba. Hilo naweza kuapa mbele ya padri. Nililinda kipande hicho kwa mikono yangu, na cheti cha kipande bora kiko ukutani mpaka leo.

Lakini mzee haachi kuwa na wasiwasi. Mwambie Hesbon pale kwenye kinamasi, kabla hajafika kwangu, apite polepole. Au afadhali waweke yale mabamba makubwa ya chuma niliyoona yakibebwa kwenda darajani. Maji ya mwezi wa tatu hayana adabu. Ikiwezekana ashike njia nyingine kabisa. Sisemi kwa sababu yoyote. Ni mawazo ya mtu asiye na kazi.

Nyasi nazifyeka kila Jumamosi, hilo unalijua. Lakini wakiuliza nitasema zilikuwa ndefu.

Juzi Aluka alipita akasimama akiwatazama wakichimba. Aliuliza wanatafuta nini. Nilijifanya sikusikia, na uzuri wa uziwi ni kwamba hakuna anayekushuku.

Baba yako,
M. Elungat


Malaba,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Papa,

Asante. Hujui ulivyonitua mzigo.

Nilimsomea Injinia sehemu ile ya barua yako. Aliniuliza nina uhakika gani, nikamwambia aliyesema ni nyapara wa barabara hiyo, na ndiye aliyelisimamisha hilo jiwe. Akasema basi hiyo inatosha. Nimeandika kwamba upinde wa kilometa kumi na nne ni hitilafu ya upimaji. Kwa neno lako nimetia sahihi.

Hesbon alicheka aliposikia unataka apite polepole. Anasema trela lile halijui kwenda mbio, mtu mwenye mguu mbovu analipita. Tena kwa mzigo kama huo mwendo wa polepole ndio unaoikandamiza barabara zaidi, kwa sababu uzito unakaa. Mabamba ya chuma yametengwa kwa madaraja tu. Amesema akifika langoni kwako atapiga honi mpaka wewe mwenyewe uisikie.

Siku imesogezwa nyuma. Si Ijumaa tena, ni keshokutwa, Jumatano asubuhi. Wataondoka Malaba saa mbili na kufika kwetu kama saa nne. Simama langoni na koti lako umtazame mkweo akipita.

Mvua imenyesha hapa usiku kucha. Huko je?

Amuge


Chakol,
Jumanne, 25 Machi 2025, saa kumi jioni

Amuge mwanangu,

Ochom ameshika pikipiki inanguruma, kwa hiyo naandika vibaya. Amekupigia simu mara sita, inaingia mtandao wa Uganda na mwanamke anazungumza Kiganda. Nambari ya Hesbon sina. Nimekwenda kwa chifu, akaniandikia kwenye karatasi: "Mzee, barabara imepimwa na mashine." Basi nakuandikia.

Lile jiwe haliko mahali pake. Nililihamisha mimi.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, mwezi kama huu. Barabara ilikuwa murram na kila genge la vibarua lilikuwa na kipande chake, kutoka jiwe hadi jiwe. Mimi nilikuwa na kumi na nne hadi kumi na tano. Aluka alikuwa na kumi na tatu hadi kumi na nne. Kwenye kipande changu, hatua chache tu baada ya jiwe, kulikuwa na kinamasi na kalvati la bomba la mabati lililoziba kila wiki. Kulizibua unaingia maji ya kiuno. Mama yako alikuwa kwenye genge langu, na wewe ulikuwa na miezi minane tumboni. Nyapara akimpumzisha mkewe, genge zima linasema. Akimwingiza majini, Mungu anasema.

Jumapili watu wakiwa kanisani, nililing'oa jiwe, nikaliweka kwenye toroli, nikalipeleka mbele hatua mia moja na themanini, hapo lilipo sasa. Kinamasi kikawa cha Aluka. Nilijiambia nitalirudisha ukishazaliwa.

Sikulirudisha. Kwenye daftari la Aluka kalvati hilo halikuwepo, naye hakujua kwamba limekuwa lake. Mwaka uliofuata mvua ilikata barabara pale pale. Msimamizi akaja, akatazama jiwe, akauliza ni kipande cha nani. Aluka alisema kinamasi si chake. Msimamizi akamwambia jiwe halisemi uongo, akamfukuza kazi. Mwaka huo huo nikapewa cheti.

Lami ilipokuja, kontrakta alichimba kalvati jipya mbali kidogo, na lile la zamani akalifukia likiwa wazi ndani. Niliona.

Kwa hiyo mashine yako haikukosea. Gurudumu lako halikukosea. Uliponiuliza mbele ya jiwe nilikujibu mbele ya jiwe, na tundu liko nyuma yake, hatua mia moja na ishirini kabla ya lango langu. Nilidhani mtaligundua wenyewe, na mimi nife bila Aluka kujua. Nilichagua jina langu juu ya mumeo. Naandika hivyo ili usije ukanitafutia kisingizio.

Msimamishe Hesbon. Kama barua hii haitakufika, nimeshatoa toroli.

Baba yako


Busia,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Baba mkwe,

Mimi si mtu wa kalamu, usukani ndio nimezoea, kwa hivyo utanisamehe. Pale barabarani hatukuongea, maana wewe husikii na mimi nilikuwa nashughulika na trela. Nimeona nikuandikie yenye yalikuwa yanatendeka nyuma ya mgongo wako.

Tulikuwa na eskoti ya polisi mbele, halafu pikapu ya bendera, halafu mimi. Tukiteremkia kinamasi naona mtu ameketi katikati ya lami juu ya kitu cheupe. Ametupatia mgongo. Polisi alipiga ving'ora. Ukakaa tu. Akatoa kichwa dirishani, akasema, "Wee mzee, umelewa asubuhi?" Ukakaa tu. Nami nikapiga honi, ile ya trela, yenye ng'ombe wa Tororo wanaisikia. Hata bega halikusonga. Kijana wa bendera akasema kwa redio, "Boss, huyu ni mwendawazimu, tumwondoe kwa mikono." Ndio nikaona koti. Nikajua ni koti gani.

Mzee, trela hiyo ukikanyaga breki haisimami hapo hapo. Nilikanyaga na nikaanza kumwita Mungu kwa Kisamia. Ilisimama ikiwa na hatua kumi na mbili kukufikia. Nilizihesabu baadaye.

Polisi walikuwa wanataka kukubeba. Mwenye mzigo alikuwa anapiga kelele kwamba atakushtaki, kwamba wewe umelipwa na kampuni ingine. Wewe ulikuwa unasema kitu kimoja tu, na sauti yako ilikuwa juu sana kwa sababu hujisikii: "Pimeni sitini. Kutoka hapa pimeni sitini." Mmoja akasema, "Anahesabu nini?" Mimi nikakumbuka. Vivianne alikuwa ameniambia kilometa kumi na nne na mita sitini, na watu walikuwa wanamcheka. Nikaruka kutoka kwa kabini, nikachukua mtaimbo, nikahesabu hatua sitini zangu.

Nilipiga mara ya kwanza, lami ikalia sawa. Nikasogea. Mara ya tano ikalia kama ngoma. Nikainua mtaimbo na nikaushusha na nguvu zote, ukaingia. Haukuingia nusu, mzee. Ulinitoka mkononi wote, na tukasikia ukianguka ndani ya maji chini. Yule mwenye mzigo aliketi chini kwa barabara na suti yake.

Baadaye walikata lami. Tundu lilikuwa linaweza kumeza kabini yangu na mimi ndani. Juu yake kulikuwa na lami ya unene wa viganja viwili.

Ochom alirudi mchana na barua yako. Hakumpata Vivianne, alikuwa ameitwa Kisumu jioni ile, kwa hivyo ilibaki kwa mfuko wake. Hakuifungua. Nimeituma Kisumu kwa basi leo. Sijaisoma na sijui kuna nini ndani, lakini nilimwona mzee mwingine pale ng'ambo ya kinamasi. Aliangalia lile jiwe ulilokuwa umekalia, akaangalia lango lako, akaangalia tena jiwe. Akaenda. Nilidhani nikuambie.

Mimi ni mkwe wako na niko hai,
Hesbon


Kisumu,
Jumamosi, 29 Machi 2025

Papa,

Barua yako ya Jumanne imenifikia leo asubuhi.

Nimekaa nayo siku nzima. Nimekasirika, na sitaki ufikiri kwamba kwa sababu mambo yameishia vizuri basi hasira haipo. Nilikuuliza swali la uhai wa mtu, ukanijibu kama wakili. Uliwapelekea vijana uji wakichimba mahali ambapo ulijua hapana kitu. Barua yako haikuniwahi, na kama toroli lingekuwa na pancha, leo ningekuwa nafanya mipango ya mazishi kwao Nangina, na sahihi ya chini ya ile ripoti ni yangu.

Na bado nikisoma pale ulipoandika kwamba nilikuwa tumboni, siwezi kuendelea kukasirika kwa mstari mmoja ulionyooka. Sikujua kwamba mimi ndimi niliyekuwa mzigo wa kwanza kupita kwenye kinamasi kile. Hilo nalo linaniuma kwa namna yake.

Sasa nikwambie langu. Kila tunapopita jiwe, kazi yangu ni kubonyeza kitufe, ili rekodi ioneshe jiwe liko wapi. Tulipopita kwako nilikuwa nakupungia mkono. Sikubonyeza. Ningebonyeza, rekodi ingeonesha kwamba tundu limetangulia jiwe kwa mita mia moja na ishirini, na hakuna ambaye angechimba mbele. Nilimwambia Injinia kwamba jiwe lilifichwa na nyasi. Jiwe lililopakwa chokaa, Papa. Halafu nikakuomba wewe uniongezee uongo huo, nawe ukakubali siku ile ile uliyokuwa ukinificha wako.

Jana nilimwambia Injinia ukweli. Hakupiga kelele. Amenitoa kazi ya nje kwa miezi sita, nitakuwa stoo nikihesabu koni. Ripoti imeandikwa upya, na humo imeandikwa kwamba mawe ya kilometa ya barabara hiyo yasitumike mpaka yapimwe tena. Hawakuandika kwa nini. Niliwaomba wasiandike, na sijui kama nilifanya vyema.

Kuna mtu ambaye hukuniandikia habari zake mwishoni. Mimi nimesamehewa na Injinia kwa kiasi. Hesbon anakuita shujaa huko Busia, na mimi sijamkatiza. Aluka umemwambia?

Usinijibu kabla hujaenda.

Amuge


Chakol,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Amuge,

Nimechelewa kwa sababu uliniambia nisijibu kabla sijaenda, na kwenda kulinichukua siku tano. Nyumba yake unaiona ukiwa langoni kwangu.

Nilikwenda Alhamisi na cheti kwapani. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nilimwambia yote kwa mdomo wangu, kwa sauti hii yangu ambayo sijui ukubwa wake, kwa hiyo nadhani mkewe alisikia na majirani walisikia na njia nzima ilisikia. Labda ilikuwa haki. Nilimwonesha cheti. Hakukigusa. Nilimtazama midomo ili nijue atasema nini, kwa sababu hiyo ndiyo njia yangu ya kusikia, lakini midomo haikusogea. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akachukua lingine.

Nikasimama hapo muda mrefu. Halafu akainuka, akanipita, nikamfuata kwa nyuma kama mbwa. Alikuja mpaka kwangu. Akaingia ndani, akautoa mrija wake ukutani, akaukunja mara mbili na kuutia mfukoni, akaenda. Miaka thelathini mrija ule umening'inia hapo. Sasa ukutani kuna mstari mweupe ambao moshi haukuufikia.

Wewe unajua maana yake kwetu. Mtu akiondoa mrija wake kwenye chungu chako, urafiki umekwisha, hakuna wa kumbembeleza. Sikumwita.

Watu wa barabara walikuja wakamwaga zege kwenye tundu, malori manne. Walitaka kulichukua jiwe, lakini mmoja wao akapima kutoka Malaba kwa mashine yao ndogo ya setilaiti na kusema hapa nilipoliweka sasa liko sawa, limekosea kwa shibiri moja tu. Wakaliacha. Nilikuwa nimelirudisha kando ya lami kwa kuhesabu hatua za mwaka tisini na moja. Sikufurahi. Kumbe nilizikumbuka vizuri wakati wote huo.

Cheti nimekitia motoni, nikapikia chai. Hakikuwaka vizuri.

Nimekuwa nikikaa langoni bila jiwe mbele yangu, na barabara inaonekana ndefu. Sikwenda kulipaka chokaa huko liliko. Niliona si haki yangu tena, na mvua ilikuwa imeshaanza kulichafua matope.

Leo nikitoka misa nimepita pale. Limeoshwa. Nyasi zimefyekwa kulizunguka, mtaro umezibuliwa mpaka kwenye kalvati jipya, kazi ya mtu anayejua kufyeka kipande chake. Na limepakwa chokaa, bado mbichi, imeniganda kidoleni.

Si mimi niliyepaka.

Baba yako,
Elungat